Macho Mazima ya Mpima Hewa

Serikali ilipokubali kulifungua faili, miaka ishirini na sita ilikuwa imepita, na mpima hewa mwenyewe alikuwa na mwaka wa nne kaburini. Mjane wake alipokelewa katika chumba cha nyaraka na karani mwenye glavu nyeupe, akawekewa mezani bahasha ya kaki yenye kurasa tisa. Saba kati ya hizo zilikuwa zimepakwa wino mweusi kutoka juu hadi chini, zikafanana na karatasi za kaboni. Katika ya nane ilibaki tarehe tu. Katika ya tisa, baada ya mistari kumi na minane ya giza, mkono uliopaka wino ulikuwa umeyaacha maneno matano, na hayo yalisomeka vizuri kabisa: "mtumishi mwenye matatizo ya macho."

"Mama, umemaliza?" karani akauliza kwa upole.

"Mwanangu, hata sijaanza."

Maana kulikuwa na barua. Iliandikwa kwa mkono wa ofisa wa serikali, ikapigwa mhuri, na nakala yake ikabandikwa kwa gundi mahali pake. Ndani ya bahasha ile haikuwemo. Ndiyo sababu habari hii inaelezwa hapa tangu mwanzo, wajukuu wasije wakakua wakiamini kwamba babu yao alikuwa haoni.

Mpima hewa alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye suruali zilizonyooka kama rula. Kituo chake kilikuwa chumba kimoja pembeni mwa uwanja mdogo wa ndege: meza, saa ya ukutani, redio ya kupelekea vipimo, na nje, ndani ya ua wa waya, kibanda cheupe cha vipimajoto, chombo cha kukingia mvua, na mshale wa upepo juu ya mlingoti. Kila baada ya saa tatu, kuanzia alfajiri hadi jioni, alitoka, akatazama, akarudi, akaandika. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Mara moja tu alichelewa, siku ya kuzaliwa binti yake wa pili. Zilikuwa dakika nne, naye akaziandika.

Wapima hewa huligawa anga mafungu manane, kisha husema ni mangapi yamefunikwa na mawingu. Mazoea hayo yalimwingia damuni. Ukimuuliza kama ameshiba, alifikiri kwanza, akasema, "Sita kati ya manane." Siku za uchumba, mkewe alimuuliza kama anampenda. Akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Manane." Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza, "Kwa sasa." Hiyo "kwa sasa" alikumbushwa miaka yote ya ndoa. Mji mzima ulimwita Bwana Nane, naye akaitika.

Daftari lake la vipimo lilikuwa na kanuni moja iliyozidi nyingine zote: hakuna kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili bado lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni yake, unaweka saini, saa na sababu. Mkewe, aliyefundisha shule ya msingi ng'ambo ya uwanja na kuitwa Mwalimu hata na watu wasiowahi kukaa darasani kwake, aliipenda kanuni hiyo kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kutungwa na serikali.

Jumatano moja, ikikaribia saa sita mchana, mpima hewa alitoka kama kawaida. Anga lilikuwa jeupe, halina wingu hata la kusingizia. Upepo ulitoka mashariki. Na juu ya ghala la nafaka palikuwa na kitu.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoa darubini ya miguu mitatu aliyozoea kufuatia maputo ya hewa, akaisimamisha uwanjani, akakitazama kitu kile dakika kumi na moja, akiandika pembe yake kila dakika. Halafu kitu kikaondoka, anga likarudi kuwa tupu, naye akasoma vipimajoto vyake kama ilivyotakiwa.

Si yeye peke yake aliyekiona. Muuza viatu alikiona. Akina mama wa foleni ya maji walikiona, mmoja akaacha ndoo yake ikafurika. Mwalimu mkuu alikiona, akasema hakukiona. Tofauti ni kwamba wenzake walisimulia, yeye aliandika. Katika safu ya maelezo, kwa mwandiko wake wa kusimama wima, aliweka: "Kitu kimoja. Mviringo, rangi ya bati lisilong'aa. Hakina sauti. Kimesimama dakika kumi na moja, kisha kimekwenda mashariki, dhidi ya upepo. Hakijulikani." Akayasoma hayo redioni pamoja na joto na unyevu, kama alivyosoma kila kitu, na huko makao makuu mtu mmoja akadondosha kalamu.

Wizara haikukerwa na kitu chenyewe. Vitu hupita. Kilichoikera ni neno la mwisho. Serikali inaweza kuchelewa kujua, inaweza kujua ikakataa kusema, inaweza hata kusema isilolijua. Lakini haiwezi kukutwa imeandika, kwa mkono wa mtumishi wake mwenyewe, kwamba haijui.

Ijumaa redio ikatangaza kwamba lilikuwa puto la kupimia hewa. Jambo hilo lingepita, ila puto hujazwa gesi, na mtungi wa gesi wa kituo kile ulikuwa mtupu mwezi wa nne sasa. Barua saba za kuomba mwingine zilikuwa wizarani, zote zimegongwa mhuri wa kupokelewa. Mwandishi mmoja wa gazeti akauliza gesi ya puto hilo ilitoka wapi. Jumapili puto likaondolewa redioni kimyakimya. Jumatatu likawa wingu lililopigwa na jua, na ili wingu liingie daftarini, wizara ikamleta mtu kwa ndege.

Ndege ilikuja kila Jumatatu na Jumatano asubuhi, ikalala, ikaondoka kesho yake. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya redioni, na kweli ndiye aliyekuwa akisema redioni. Cheo chake kilikuwa Mkuu wa Ufafanuzi. Alitaka aitwe Mkubwa tu, kwa sababu jina lake halikuhitajika.

"Bwana Nane, kazi yako ni nzuri sana," alianza, akiketi kwenye kiti pekee kilichokuwa na mto. "Tuna marekebisho madogo. Siku ile kulikuwa na wingu."

"Halikuwepo, Mkubwa."

"Dogo."

"Hata dogo huandikwa."

"Basi liandike."

Mpima hewa hakuwa mbishi. Alikuwa ameitumikia serikali miaka thelathini na mmoja, na sasa serikali ilipomwomba wingu, alijitahidi kwa moyo mweupe kufikiri namna ya kulipata.

"La aina gani, Mkubwa?"

"Kwani yana aina?"

"Kumi."

"La mviringo. Linalong'aa."

"Hilo linataka unyevu. Siku ile hewa ilikuwa kavu. Kwa hiyo tubadilishe unyevu, na tukibadilisha unyevu lazima tubadilishe vipimajoto viwili, maana unyevu tunaupata kwao." Alikuwa amekwisha vuta karatasi, anapiga hesabu. "Halafu wingu halizaliwi juu ya ghala likafia juu ya ghala. Upepo ulitoka mashariki, kwa hiyo limepita kwenye vituo vitatu vya huko, na vyote vimeandika anga tupu. Itabidi wabadilishe. Na kimoja cha magharibi, lilikoelekea. Ila hiki kitu kilirudi mashariki, kwa hiyo itabidi na upepo wenyewe—"

"Upepo pia?"

"Wa nchi nusu, Mkubwa. Labda zaidi kidogo."

Mkubwa akajifuta shingo kwa leso.

"Na kila badiliko," mpima hewa akaendelea, akilisogeza daftari mbele ya mgeni, "linataka mstari mmoja, saini ya anayebadilisha, saa na sababu. Sababu tuandike nini?"

"Usiandike sababu."

"Basi saini tu. Hapa, Mkubwa. Kalamu hii haivuji."

Mkubwa aliitazama kalamu ile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake aliyelowa. Katika miaka yake yote ya ufafanuzi hakuwahi kuweka saini mahali popote. Hivyo ndivyo alivyopanda cheo.

Usiku huo alilala nyumba ya wageni na kufikia uamuzi wa kitaalamu. Kubadilisha wingu kunataka vituo vinne na upepo wa nchi nusu. Kubadilisha mtu kunataka karatasi moja.

Jumanne alasiri akabisha hodi nyumbani. Ilikuwa nyumba ya watumishi, vyumba viwili na sebule, hatua arobaini kutoka kituoni. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka shuleni. Akamkaribisha, akamwekea chai, akakaa mkabala naye, miguu imebanwa, kama mtu anayesubiri mwanafunzi aeleze dirisha limevunjikaje.

"Mama, nimekuja kumsaidia Mzee," Mkubwa akasema.

"Amepungukiwa na nini?"

"Hapana, ni namna tu ya kulieleza lile jambo. Tuna njia tatu. Ya kwanza, siku ile alikuwa amechangamka kidogo." Akainua mkono kuelekea mdomoni, kama mwenye glasi.

"Nyumba hii ina chupa moja, na ni ya dawa ya kikohozi."

"Nilijua. Ya pili ni uchovu wa akili."

"Baba, nina mabinti wawili hawajaolewa. Unataka wachumba wakija waulize, huko kwenu wendawazimu ni wangapi?"

"Ndiyo maana tumeweka ya tatu." Mkubwa akatabasamu kwa upana. "Macho. Macho ni ugonjwa wa heshima, Mama. Hata mawaziri wanavaa miwani."

Mpima hewa alikuwa akiangalia vidole vyake muda wote. Sasa akasema, "Lakini mimi naona."

"Hilo tuwaachie wataalamu," Mkubwa akasema.

"Sawa," Mwalimu akajibu kabla ya mumewe. "Mpelekeni akapimwe. Wataalamu waseme."

Mkubwa hakutarajia kukubaliwa upesi hivyo, akafurahi. Alizoea wataalamu wa makao makuu.

Lakini daktari wa macho wa hospitali ya mji hakuwa wa makao makuu. Jumatano saa nne asubuhi alimkalisha mpima hewa mbele ya ubao wa herufi, akamwambia asome hadi atakapokwama. Akasoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Chini ya wa mwisho akasoma jina la kiwanda kilichochapa ubao ule, lililoandikwa kwa herufi ndogo kama mchanga. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba ubao umeinama kidogo upande wa kushoto. Daktari akapanda kiti, akaupima kwa rula, akaunyoosha, akaandika cheti: "Macho mazima kabisa. Ni afadhali kuliko yangu."

Mkubwa alikisoma cheti mara mbili. Akafungua mkoba wake, akatoa mhuri, akaugonga katikati ya karatasi: SIRI.

"Hiki nakichukua mimi," akasema. "Na wewe, Bwana Nane, nakuonya. Usimtangazie mtu."

"Nisitangaze nini, Mkubwa?"

"Kwamba unaona."

Tangu asubuhi hiyo macho mazima ya mpima hewa yakawa siri ya serikali, na mwenye nayo akawa mtu wa kwanza kukatazwa kuyajua. Saa saba mchana redio ikatangaza kwamba taarifa ya kitu cha angani ilitolewa kwa nia njema na mtumishi mwenye matatizo ya macho. Nusu saa baadaye, kwa redio ya kituo, ikaja amri kutoka makao makuu, isiyo na jina la aliyeitoa, kwamba mtumishi huyo asimamishwe mara moja kazi zote zinazohitaji kuona.

Bwana Nane alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Kiinua mgongo hakikumuumiza kichwa. Kilichomkaa kooni ni kwamba kila daftari alilolijaza tangu ujana wake, na yalikuwa makabati mawili, sasa lilikuwa limeandikwa na mtu asiyeona.

Mji nao ukapokea habari kwa huruma yake mbaya. Watu waliomsalimu kila siku sasa walimsalimu kwa sauti ya juu, wakitaja majina yao kwanza. Muuza viatu alimshika mkono akamvusha barabara isiyokuwa na gari, akamwacha ng'ambo, wakati yeye hakuwa anakwenda ng'ambo.

Shemeji, kaka wa Mwalimu, fundi redio mwenye mdomo usiopumzika, alifika kabla chai haijapoa. Akasimama mlangoni, akainua mkono.

"Shemeji, hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kimoja hujakikata kucha."

"Ewaa! Basi ninyi chekeni na mimi, maana huko nje hawacheki." Akaketi, akashusha sauti. "Dada, wanasema macho ya namna hii huingia kwenye ukoo. Nimepita sokoni, nimekuta wanawatazama mabinti zenu wanavyokanyaga ngazi. Mama mmoja kasema mdogo anajikwaa."

"Mdogo anajikwaa kwa sababu anasoma akitembea," Mwalimu akasema.

"Najua. Ila ukoo mzima sasa tumewekewa miwani."

Saa tisa ilikuwa imegonga. Mumewe alikuwa amesimama, kama alivyosimama saa tisa kila siku kwa miaka thelathini na mmoja. Akafika mlangoni, mkono ukatafuta kofia msumarini. Kisha akakumbuka. Akarudi, akaketi, akaiweka kofia magotini. Mwalimu akaingia jikoni, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Sasa, katika haraka yake ya kumfanya mtu mmoja asione, wizara ilikuwa imesahau jambo ambalo wizara peke yake ingeweza kulisahau. Msaidizi wa kituo alihamishwa miezi saba nyuma na hakuletwa mwingine. Kituo kizima kilikuwa na macho mawili.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mkubwa alikuwa uwanjani na mkoba wake. Saa nane mchana alitakiwa bungeni, asimame mbele ya nchi, asome ufafanuzi. Rubani, mwanamama mrefu mwenye saa kubwa mkononi, alikuwa ameizunguka ndege mara mbili. Sasa alisimama kwenye ngazi.

"Karatasi ya hali ya hewa iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya mpima hewa. Upepo, mawingu, umbali wa kuona. Siruki bila hiyo."

"Dada yangu, tazama juu! Anga jeupe. Hata kuku anaona!"

"Kuku hana saini, Mkubwa."

"Nitasaini mimi," Mkubwa akasema, na neno lenyewe likamshtua.

"Wewe ni mpima hewa?"

"Mimi ni Mkuu wa—"

"Sijauliza hilo. Aandike mpima hewa wa kituo, mwenye macho yaliyothibitishwa kwa maandishi. Ndivyo kanuni inavyosema, na kanuni ni ya wizara yenu. Mimi naweza kulala hapa siku nyingine. Kitanda cha nyumba ya wageni nimekizoea."

Mkubwa akazitembea zile hatua arobaini kwa mwendo ambao mwili wake ulikuwa umesahau. Mpima hewa alikuwa barazani, anapiga kiwi viatu alivyokwisha vipiga kiwi.

"Bwana Nane! Njoo mara moja, tazama juu, niandikie."

"Siwezi, Mkubwa. Nina matatizo ya macho." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ameiandika amri na kuikunja mfukoni, akaitoa kumwonyesha.

"Hayo ni ya redioni!"

"Na mimi niliyasikia redioni."

"Mzee wangu, inua tu uso. Mara moja."

"Nikiinua uso nitaona. Nikiona, nimevunja amri ya serikali."

"Cheti cha daktari kipo! Kinasema wewe mzima!"

"Kipo? Mimi nimekatazwa kukijua."

Mkubwa akashika nguzo ya baraza, akahema. Kwa mbali rubani alionekana ameketi kwenye ngazi ya ndege, anamenya chungwa.

"Unataka nini?"

Mpima hewa akafikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri juu ya wingu. "Kilichoandikwa kinarekebishwa kwa maandishi, Mkubwa. Na saini. Na nitaomba mke wangu aisome kwanza, mimi sina macho."

Mwalimu aliitwa kutoka darasani, akavuka uwanja na kalamu nyekundu mkononi, kwa sababu alikuwa katikati ya kusahihisha. Mkubwa alikuwa ameketi kwenye meza ya sebule, ameandika mistari miwili. Akampa.

"'Kwa mujibu wa taarifa zilizopo,'" Mwalimu akasoma kwa sauti, "'hali ya kuona ya mtumishi tajwa inaridhisha kwa kiasi fulani.' Kiasi gani?"

"Mama, hiyo ni lugha ya ofisini."

"Hapa ni nyumbani." Akaizungushia "kiasi fulani" duara jekundu. "Andika upya."

Akaandika upya.

"'Leo macho ya mpima hewa ni mazima.' Leo?" Akamtazama juu ya karatasi. "Na Jumatano ya wiki iliyopita alikuwa amemwazima nani?"

"Lakini Mama, nikiandika na ya Jumatano ile, kile nitakachokwenda kusoma bungeni kitakuwa—"

"Kitakuwa nini?"

Nje rubani akapaza sauti: "Dakika ishirini, Mkubwa! Baada ya hapo navua viatu!"

Barua ya tatu iliandikwa na Mkubwa kwa mkono wake, Mwalimu akitaja na yeye akifuatisha: "Macho ya mpima hewa wa kituo hiki ni mazima, na yamekuwa mazima tangu siku alipoajiriwa hadi leo, bila kukosa siku hata moja. Arudi kazini sasa hivi." Akaweka saini, ya kwanza katika utumishi wake, kubwa na ya kitoto, maana haikuwa na mazoezi. Akafungua mkoba kutafuta mhuri. Mkono, kwa mazoea, ukatoka na ule wa SIRI.

"Ule mwingine, baba," Mwalimu akasema.

Ukapigwa ule mwingine.

Ndipo mpima hewa alipochukua kofia yake. Hakukimbia. Alifungua kibanda cheupe, akasoma vipimajoto, akavisoma tena. Akachungulia chombo cha mvua ingawa mvua haikunyesha. Akautazama mshale wa upepo dakika mbili nzima, kama inavyotakiwa, Mkubwa akirukaruka pembeni kama mtu aliyekanyaga siafu. Mwisho akainua uso juu, akauzungusha polepole, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama penye ua wa waya, akageuka kutazama upande mwingine, maana hakupenda watu wamwone akilengwalengwa na machozi mbele ya serikali.

"Wingu, fungu moja kati ya manane," mpima hewa akatangaza.

"Wingu? Liko wapi?" Mkubwa akaangaza huku na huku.

"Kule, nyuma ya kilima. Dogo."

"Mimi silioni."

Mpima hewa akaandika. Kupima macho ya watu haikuwa kazi yake.

Ndege ilipoondoka, mume na mke walibishana kwa mara ya kwanza wiki ile. Mume alikuwa na gundi mkononi. Kanuni ilitaka barua inayohusu vipimo ibandikwe daftarini, katika ukurasa wake.

"Ibandikwe nakala," Mwalimu akasema. "Yenyewe inakaa sandukuni kwangu."

"Kanuni haijasema nakala."

"Haijasema sanduku halifai."

Akainakili mwenyewe, mume akathibitisha, nakala ikabandikwa. Na alifanya vizuri, kwa sababu Jumatatu iliyofuata daftari lile lilichukuliwa na watu wawili waliovaa suti, na mpaka leo halijarudi.

Saa nane mchana ile ya Alhamisi shemeji aliwasha redio yake ndogo sebuleni. Wakasikia sauti nene inayofahamika, ikilieleza bunge bila kukwama kwamba jambo lile lilitokana na mtumishi mwenye matatizo ya macho. Wabunge wakapiga meza.

"Lakini si ni yeye huyu?" Shemeji akainuka kitini, barua mkononi. "Asubuhi kaandika hivi, mchana kasema vile!"

"Asubuhi alikuwa na safari," mpima hewa akasema.

"Na sasa mji mzima umemsikia! Dada, niachie hii barua niizungushe. Nyumba kwa nyumba."

"Nyumba kwa nyumba? Tubishe hodi tukiwatangazia watu macho ya mume wangu, kama wauza sabuni?" Mwalimu akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile. "Kwetu hatukulelewa hivyo."

Ijumaa, kipindi cha kwanza, darasa lake la watoto arobaini na watatu lilikuwa na imla. Mwalimu alisimama mbele ya ubao, mgongo umenyooka, akafungua karatasi moja, akasoma taratibu, akirudia kila sentensi mara mbili: macho ya mpima hewa wa kituo hiki ni mazima, na yamekuwa mazima tangu siku alipoajiriwa. Alisoma na cheo cha aliyeandika, na tarehe, na saa. Watoto wakainama wakaandika. Kwa kuwa imla ni kazi ya kupimwa, akaagiza kila daftari lisomwe nyumbani na mzazi, mzazi atie saini chini, lirudi Jumatatu. Hakueleza zaidi. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jumamosi muuza viatu alimwona mpima hewa akija, mkono ukanyooka kumvusha, ukarudi wenyewe mfukoni. Jumapili jirani mmoja, mikono imejaa nguo mbichi, alimuuliza kutoka ng'ambo ya ua kama mvua itanyesha, kama alivyomuuliza siku zote kabla ya wiki ile. Na hakutaja jina lake kwanza.

Jumatatu alasiri madaftari arobaini na matatu yalikuwa juu ya meza ya sebule. Mwalimu alisahihisha. Mumewe, aliyetoka kuandika vipimo vya saa tisa katika daftari jipya, alikuwa ameketi upande wa pili na chai yake.

"Hukuongeza kitu?" akauliza.

"Hata koma."

Wazazi walikuwa wametia saini, wengine kwa madaha, wengine kwa dole gumba. Mmoja, mtumishi wa serikali naye, karani wa ofisi ya ardhi, alikuwa amesaini pembezoni kabisa mwa ukurasa, kwa penseli, saini ndogo kama chawa. Mwalimu akaisogeza karibu na uso, akavaa miwani yake ya kusomea, akaisogeza tena.

"Huyu ni nani?"

Mpima hewa hakuinuka wala kusogea. Akameza chai yake, akamsomea kutoka pale pale alipokuwa.